Presha Ikishuka, Je, Neva Zimetulia?

Presha inapopanda tunalaumu chumvi, unene na mawazo. Mishipa ya fahamu (neva) ya figo haimjii mtu akilini. Nayo imeizunguka ateri ya figo, ikifanya kazi pande mbili. Inayotoka kwenye ubongo huiamuru figo ibakize chumvi na kumwaga homoni ya renini. Inayorudi huchochea ubongo, nao huamsha mfumo mzima wa simpathetiki, ule unaotupigisha moyo mbio tukishtuka. Ndiyo maana madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye paja hadi ndani ya ateri hiyo, wakaziunguza neva kwa mawimbi ya redio au ya sauti.

Lakini presha kushuka baada ya hapo si ushahidi kwamba neva zimetulia. Mwaka 2010 utafiti wa Symplicity HTN-2 ulionyesha namba ya juu ya presha ikishuka kwa 32 ndani ya miezi sita, na wengi wakashangilia. Mwaka 2014 ukaja HTN-3, ambamo baadhi ya wagonjwa walipigwa picha ya ateri tu bila kuunguzwa chochote, wala hawakuambiwa. Waliounguzwa walishuka kwa 14, wenzao kwa 12. Anayejua anafuatiliwa humeza dawa zake vizuri zaidi, basi presha inashuka!

Kwa hiyo inabidi neva zenyewe zipimwe. Mwaka 2009 madaktari wa Melbourne, Australia, waliripoti mgonjwa waliyemchoma sindano nyembamba kwenye neva ya mguu: mipigo ya neva hiyo ilikuwa 56 kwa dakika, ikawa 41 baada ya mwezi, kisha 19 baada ya mwaka. Mguu haukuunguzwa, figo ndizo zilizoguswa. Ni dalili nzito kwamba ubongo wenyewe ulipunguza amri zake. Utaniambia huyo ni mmoja tu, na kweli, Wajerumani waliopima wagonjwa 12 mwaka 2012 hawakuona badiliko. Ila daktari anapounguza hana kipimo rahisi cha kumwonyesha kama neva zimekufa, na figo inaweza kupata nafuu bila mguu kuonyesha lolote. Majaribio ya baadaye, yenye kundi la kulinganisha na wagonjwa walioachishwa dawa, yalipata tofauti ya kweli, ingawa ndogo: katika jaribio la SPYRAL la 2020 ilikuwa takribani 4 kwa kipimo cha saa 24. Marekani iliidhinisha mitambo ya kuunguza neva hizo Novemba 2023. Kwa tofauti ya 4, sioni sababu ya mtu kuacha vidonge vyake. Ninayemwona anafaa zaidi tiba hii ni yule ambaye vidonge vimemshinda, na hata huyo bado hatuna njia nyepesi ya kumpima kabla, tujue kama neva zake ndizo zinazomsumbua.