Mfumo wa Faili wa Kuandika kwa Kunakili: Utunzaji na Utatuzi wa Hitilafu katika Kompyuta ya Nyumbani

Mfumo wa faili ni sehemu ya programu endeshi inayoamua kila faili ikae wapi katika diski, itambuliwe kwa jina gani na isomwe vipi inapohitajika tena, na ubora wake huonekana zaidi siku umeme unapokatika katikati ya kazi kuliko siku mambo yote yanapokwenda sawa. Mwenye kompyuta katika kata ya Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba, na mwenzake wa Muleba wanakijua kipimo hicho vizuri, kwa sababu ukanda huo wa magharibi ya Ziwa Viktoria una mvua nyingi, ambazo mjini Bukoba hukaribia milimita 2000 kwa mwaka na mara nyingi huambatana na radi za usiku na alfajiri, na kwa sababu Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya kutoka Masaka. Makala haya yanaeleza aina moja ya mfumo wa faili inayostahimili hali hiyo kuliko mifumo ya zamani, yanaonyesha namna ya kuitunza nyumbani, na yanabainisha hatua za kufuata, kwa mpangilio wake, hitilafu inapotokea.

Mifumo iliyozoeleka zaidi, kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, huandika mabadiliko juu ya data ya zamani, yaani faili inapohaririwa, sehemu iliyobadilika hufutwa na maandishi mapya kuwekwa palepale. Umeme ukikatika kabla ya kazi hiyo kukamilika, sehemu hiyo ya diski hubaki si ya zamani wala si mpya, na ndiyo maana mifumo hiyo huweka daftari dogo la matukio ambalo husomwa kompyuta inapowashwa tena ili kurudisha utaratibu. Hata hivyo, daftari hilo kwa kawaida hulinda metadata tu, yaani taarifa kuhusu faili kama vile jina, ukubwa na mahali ilipo, na halitoi ahadi kwamba yaliyomo ndani ya faili yenyewe yako salama.

Mfumo wa kuandika kwa kunakili hufuata kanuni tofauti, kwamba data iliyopo haiguswi hata kidogo, bali toleo jipya huandikwa katika nafasi tupu ya diski, na toleo la zamani huachiliwa pale tu toleo jipya linapokuwa limekamilika. Mkulima wa kibanja cha Kihaya huitambua kanuni hii mara moja, kwa kuwa katika shina la mgomba mti uliozaa haukatwi kabla mche unaorithi nafasi yake haujasimama. Katika diski, urithi huo hufanyika kwa mti wa aina nyingine, ambao matawi yake ni metadata na majani yake ni data: jani jipya likiandikwa, tawi linaloelekeza kwake nalo huandikwa upya mahali pengine, na kadhalika hadi kwenye mzizi, kisha bloku kuu, ambayo ndiyo inayouambia mfumo mzizi halali uko wapi, hubadilishwa mwisho kabisa. Umeme ukikatika kabla ya hatua hiyo ya mwisho, kompyuta huwaka na kuukuta mti wa zamani ukiwa mzima, na kinachopotea ni kazi ya sekunde chache tu, kwa kuwa mfumo wa Btrfs, kwa mfano, hukamilisha mzunguko huo kila baada ya sekunde 30 usipoamriwa vinginevyo.

Wazo hili lilipata umbo lake mashuhuri katika ZFS, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, ambao msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2005. Kwa upande wa Linux, Chris Mason alianza kuandika Btrfs mwaka 2007 akiwa katika kampuni ya Oracle, na mfumo huo ukaingizwa katika kerneli rasmi, yaani kiini cha Linux, mwaka 2009, kisha, miongoni mwa matoleo ya Linux, ukawa chaguo la kawaida la openSUSE mwaka 2014 na la toleo la mezani la Fedora mwaka 2020. Kompyuta za Apple nazo zilihamia mwaka 2017 kwenye APFS, ambao unafuata kanuni hiyohiyo ingawa namba zake za uhakiki hulinda metadata pekee. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa Btrfs, kwa sababu ndio mfumo ambao mtumiaji wa nyumbani anaweza kuupata bila malipo na kuusimika katika kompyuta kuukuu.

Nguzo ya pili ya mfumo huu, baada ya kutoandika juu ya data ya zamani, ni namba ya uhakiki, yaani namba fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika kila bloku na kuhifadhiwa kando, ili kila bloku inaposomwa namba hiyo ikokotolewe tena na kulinganishwa na ile ya awali. Namba zisipolingana, mfumo hukataa kuitoa data hiyo na kuandika taarifa katika kumbukumbu za matukio, jambo ambalo mtumiaji asiyelielewa huliona kuwa usumbufu, ilhali ni huduma kubwa, kwa kuwa katika mfumo wa kawaida picha ya harusi au hati ya kiwanja ingeweza kuharibika polepole kwa miaka bila mtu yeyote kujua, na nakala iliyoharibika ikaendelea kunakiliwa juu ya nakala nzima.

Ulinzi huo una mpaka ambao lazima uelezwe bila kuficha. Kugundua kosa hakumaanishi kulirekebisha, kwa sababu marekebisho huhitaji nakala ya pili iliyo nzima. Katika kompyuta yenye diski moja, Btrfs kwa kawaida huweka nakala mbili za metadata, lakini huweka nakala moja tu ya data, na katika diski za kielektroniki, zile zisizo na sahani zinazozunguka, hata metadata iliwekwa nakala moja kwa chaguo la kawaida hadi zana za mwaka 2021 zilipobadilisha utaratibu huo. Kwa hiyo ukaguzi wa diski nzima, unaoanzishwa kwa amri ya `btrfs scrub start /` na matokeo yake kusomwa kwa `btrfs scrub status /`, utamwambia mwenye diski moja kwamba data imeharibika, na kumbukumbu za matukio zitamtajia faili yenyewe, lakini haziwezi kumrudishia. Inafaa ukaguzi huu ufanywe kila mwezi, na ukikatizwa na umeme hakuna haja ya kuuanza upya, kwa kuwa `btrfs scrub resume /` huuendeleza ulipoishia.

Kanuni ya kutofuta data ya zamani ndiyo inayowezesha pia picha ya hali, yaani kumbukumbu ya jinsi mti mzima wa faili ulivyokuwa katika dakika fulani. Picha hiyo hutengenezwa mara moja bila kuchukua nafasi yoyote ya maana, kwa kuwa huelekeza tu kwenye bloku zilezile zilizopo, na humwezesha mtumiaji kurudi nyuma baada ya sasisho baya la programu au baada ya kufuta folda kwa bahati mbaya. Nafasi huanza kuliwa baadaye, pale faili zinapobadilika au kufutwa huku picha ya hali ikiendelea kuzishikilia bloku za zamani, na hapo ndipo linapozaliwa lalamiko la kawaida kuliko yote, kwamba mtu amefuta video za gigabaiti 50 na diski bado imejaa. Tiba yake ni kuorodhesha picha za hali kwa `btrfs subvolume list -s /`, kufuta zilizopitwa na wakati, kisha kusubiri kidogo, kwa sababu nafasi hurudishwa hatua kwa hatua nyuma ya pazia.

Suala la nafasi lina tabaka la pili ambalo huwachanganya hata wenye uzoefu. Btrfs hugawa diski katika mafungu makubwa, ambapo fungu la data kwa kawaida huwa na ukubwa wa gigabaiti 1 na fungu la metadata megabaiti 256 katika mfumo mdogo wa faili au gigabaiti 1 katika mkubwa, na fungu lililotengwa kwa data haliwezi kupokea metadata. Kwa hiyo diski inaweza kuwa imegawika yote, mafungu yake ya data yakiwa nusu matupu, huku metadata ikikosa mahali pa kuandikwa, na kwa kuwa hata kufuta faili kunahitaji kuandika matawi mapya ya mti, mtumiaji hujikuta hawezi kuongeza wala kupunguza kitu. Amri ya `btrfs filesystem usage /` huonyesha hali halisi kwa kutaja nafasi ambayo bado haijagawiwa, na ikiwa hiyo inakaribia sifuri, `btrfs balance start -dusage=10 /` hukusanya data ya mafungu yaliyojaa chini ya asilimia 10, huyaunganisha, na kuirudisha nafasi iliyopatikana. Iwapo hata usawazishaji huo unakwama, kifaa cha ziada huweza kuunganishwa kwa muda kwa `btrfs device add` na kuondolewa kwa `btrfs device remove` baada ya kazi, lakini mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hatua hiyo ifanywe kwenye kompyuta yenye betri nzima, na kifaa kisichomolewe kabla ya amri ya kukiondoa kumalizika. Kinga iliyo bora ni kutoiacha diski ipite asilimia 80 hadi 85 ya ujazo wake.

Zipo pia faili zisizopatana na kanuni ya kunakili, hasa hifadhidata na diski za kompyuta pepe, ambazo hubadilishwa sehemu ndogondogo mara nyingi kwa siku, kiasi kwamba faili moja hutawanyika vipande maelfu na kusomwa kwa taabu katika diski inayozunguka. Kwa faili hizo hutengenezwa folda tupu na kupewa alama kwa `chattr +C`, ambayo huondoa unakili kwa faili zitakazoundwa humo baadaye, ingawa pamoja nao huondoka namba za uhakiki, na kwa hiyo alama hiyo isiwekwe ovyo.

Hitilafu kubwa inapotokea, kwa mfano diski inapogeuka ya kusomwa tu au kukataa kufunguka, mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama data itapona. Hatua ya kwanza ni kusoma kumbukumbu za kerneli kwa `dmesg` na hesabu za makosa kwa `btrfs device stats /`, kisha kuipima diski yenyewe kwa `smartctl` na kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kwa programu ya Memtest86+, kwa sababu RAM mbovu huandika uharibifu wenye namba za uhakiki zinazoonekana sahihi. Ujumbe wa "parent transid verify failed" mara nyingi humaanisha kwamba diski au kasha lake la USB lilidai limekwisha kuandika data ambayo bado haikuwa imeandikwa umeme ulipokatika. Hatua ya pili ni kujaribu kuifungua diski kwa kusoma tu, kwa `mount -o ro,rescue=usebackuproot`, ambayo hutafuta mzizi wa karibuni ulio mzima. Hatua ya tatu, hiyo ikishindikana, ni `btrfs restore`, ambayo hutoa faili na kuziweka katika diski nyingine bila kuigusa ile iliyoumia. Amri ya `btrfs check --repair`, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya jina lake, huandika juu ya mti ulioharibika na inaweza kuumaliza kabisa, hivyo mahali pake ni mwisho, baada ya kila kinachookoleka kuokolewa.

Hakuna mfumo wa faili unaochukua nafasi ya nakala iliyo katika jengo lingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za Bukoba na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, na picha za hali zilizo ndani ya diski iliyofunikwa na ukuta haziwezi kumsaidia mwenye nyumba. Btrfs hurahisisha kazi hii kwa amri za `btrfs send` na `btrfs receive`, ambazo baada ya nakala ya kwanza hupeleka tofauti pekee kwenye diski ya nje, hivyo kazi ya wiki nzima inaweza kunakiliwa kwa dakika chache kabla umeme haujakatika. Mwenye kompyuta ya nyumbani anayetaka kunufaika na mfumo huu na aanze kwa kununua diski ya pili, ainakilie kila wiki, na aihifadhi kwa ndugu aliye mbali na nyumba yake. Ukaguzi, usawazishaji na picha za hali vifuate baada ya hapo.