KABLA YA KISU: PICHA IPI HUIONA TEZI MBOVU?

Maelezo haya yalisomwa redioni katika mazungumzo yetu ya kila juma.

Juma hili tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wetu hatujapata kuusikia kwa jina lake, ingawa huenda tumemwona anayeuugua.

Mtu anaumwa mifupa, anapewa dawa za maumivu. Mwaka unaofuata anapata mawe kwenye figo, yanatolewa, yanarudi. Choo ni kigumu, kiu haikatiki, usiku anaamka kukojoa mara kwa mara. Mwili unachoka, mawazo yanakuwa mazito, na jamaa zake wanasema amebadilika tabia. Siku moja anateleza kidogo tu uani, mfupa wa paja unavunjika. Kila tatizo limetibiwa peke yake, na hakuna aliyeuliza kama mzizi wake ni mmoja.

Mzizi huo waweza kuwa shingoni. Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu, kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Hizo ndizo tezi za parathairoidi. Majina yamefanana kwa sababu ya ujirani tu. Kazi ni mbalimbali. Hizi ndogo kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikipungua, hutoa homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake, na figo ziache kuimwaga. Ikitosha, hunyamaza.

Ubaya huanza pale tezi moja inapovimba na kukataa kunyamaza. Huendelea kuchota kalsiamu mifupani usiku na mchana. Mifupa hubaki dhaifu, na kalsiamu iliyozidi hupitia kwenye figo na kujenga mawe. Kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10, mkosaji ni tezi moja tu, na uvimbe wake mara nyingi sana si saratani. Ikiondolewa hiyo moja, ugonjwa umekwisha.

Lakini ni ipi, na iko wapi? Hapo ndipo penye kazi. Tezi hizi hazikai mahali pamoja kwa watu wote. Baadhi hujificha ndani ya thairoidi, na baadhi hushuka hadi kifuani. Nahodha mmoja wa meli wa Marekani, Charles Martell, alipungua urefu kwa sentimeta zipatazo 18 kwa ajili ya ugonjwa huu. Alipasuliwa shingo mara sita, tezi haikuonekana. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, ilipatikana kifuani, karibu na moyo. Lakini figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika, akafariki majuma machache baadaye. Kamera ya kuitafuta tezi ile haikuwapo zama zake.

Leo zipo kamera za aina mbalimbali, na hapana budi tuzilinganishe. Kanuni ni moja. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, dawa inayopenda kukaa katika tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Kisha kamera ya gama huipokea mionzi hiyo kutoka nje ya mwili na kuonyesha mahali ilipokusanyika.

Njia iliyotumika sana katika miaka ya 1980 ilikuwa ya kutoa picha moja katika nyingine. Dawa ya kwanza, thaliamu, iliingia katika thairoidi na katika parathairoidi mbovu pia. Dawa ya pili, teknishiamu, iliingia katika thairoidi peke yake. Ukiiondoa picha ya pili katika ile ya kwanza, kinachobaki ndicho unachokitafuta. Ni hesabu nzuri, lakini mgonjwa akitikisa shingo kidogo tu, picha hazikutani tena na hesabu inaharibika. Isitoshe, thaliamu hukaa mwilini muda mrefu na picha zake si angavu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja sestamibi, dawa inayobeba teknishiamu. Ilianza kwa uchunguzi wa moyo, kisha madaktari wakaona inakusanyika katika parathairoidi iliyovimba. Hapa ikazaliwa njia ya picha mbili kwa dawa moja. Ya kwanza hupigwa baada ya dakika 10 au 15, ya pili baada ya saa 2 au 3. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunaweza kuielewa upesi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wakiwasha karabai, ziwa lote linameta. Kuelekea alfajiri wengi wamezima, na ile taa inayoendelea kuwaka unaiona waziwazi. Thairoidi huiacha sestamibi mapema. Tezi mbovu huing'ang'ania.

Njia hii ni rahisi na haina gharama kubwa ikilinganishwa na nyingine. Hata hivyo ina kasoro zake. Zipo tezi mbovu zinazoiachia dawa upesi kama thairoidi, na hizo hazionekani. Uvimbe mdogo sana huponyoka. Na mtu mwenye rovu la vinundu anaweza kumpoteza daktari, kwa kuwa vinundu navyo huishikilia dawa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ile hesabu ya kutoa picha, safari hii kwa kutumia sestamibi badala ya thaliamu, bado ina faida.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuizungusha kamera. Kamera inayosimama upande mmoja hukuonyesha kushoto na kulia, lakini haikuambii kina. Ikizunguka shingo na kifua, na picha yake ikiunganishwa na ya CT-skani, daktari anajua kama tezi iko nyuma ya koromeo au imeshuka kifuani. Kamera iliyosimama hupata tezi moja mbovu kwa wagonjwa wapatao 6 hadi 8 katika 10. Inayozunguka ikiunganishwa na CT-skani hupata zaidi.

Iliyo mpya kuliko zote ni picha ya PET kwa kutumia kolini, ambayo imeenea tangu miaka ya 2010. Hii huona hata tezi ndogo, na katika taarifa nyingi hupata zaidi ya 9 katika 10, wakiwamo watu ambao sestamibi haikuwaonyesha kitu. Tatizo lake ni njia ya kuifikisha kwa mgonjwa. Mionzi ya dawa yake hupungua kwa nusu kila dakika 110, kwa hiyo hutengenezwa kwa mtambo ulio karibu, nao ni wa gharama kubwa. Nairobi, hospitali ya Aga Khan ilipata mtambo wa aina hiyo mwaka 2018. Teknishiamu ni mvumilivu zaidi: hupungua kwa nusu kila saa 6, na chombo kinachoizalisha husafirishwa kwa ndege na kutumika kwa juma zima.

Sasa tuje kwetu. Mgonjwa anayetoka Sengerema, akivuka daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 na kupita Usagara, anafika Bugando siku hiyohiyo. Tuseme anatumwa kwenye kamera ya gama iliyo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza ni mbuzi kadhaa, pengine ng'ombe. Je, auze?

Jibu ni kwamba asianze na kamera. Picha yoyote kati ya hizi haisemi kama mtu ni mgonjwa. Inasema tu tezi iko wapi. Ugonjwa hutambuliwa kwa damu: kipimo cha kalsiamu, na kikiwa juu, kipimo cha homoni ya parathairoidi. Kalsiamu ikiwa juu na homoni haikushuka, hapo tezi ina kesi ya kujibu. Picha hufuata upasuaji unapokwisha kuamuliwa, ili mpasuaji akate kidogo na mahali panapostahili. Pia ultrasaundi ya shingo, isiyo na mionzi kabisa, huweza kuonyesha tezi nyingi zilizo shingoni.

Hali kadhalika, picha isipoonyesha kitu, si hoja ya kumwambia mgonjwa arudi nyumbani kwamba ni mzima. Damu ikisema yupo mgonjwa, yupo. Mpasuaji mzoefu bado anaweza kuzitazama tezi zote nne kwa macho yake. Wagonjwa wa figo wa muda mrefu, ambao mara nyingi tezi zao zote huvimba, kamera huwasaidia kidogo tu mara ya kwanza. Na mama mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya kudungwa.

Basi ndugu msikilizaji, kama kwenu yupo mtu ambaye mawe ya figo yanamrudia, au mfupa wake umevunjika bila sababu ya maana, mwambie amwulize daktari swali moja: kalsiamu yangu imepimwa? Ni tone la damu tu. Nahodha Martell alifika kwenye tezi yake akiwa amechelewa. Sisi tunaweza kuwahi.