Mbuni Humfunza Mkulima Subira

Mtu apandaye maharagwe hungoja miezi 3 tu, akavuna. Lakini yeye apandaye mibuni ajue kwamba amejifunga kungoja miaka, na katika kungoja huko ndiko afunzwako subira, apende asipende.

Kungoja si jambo geni kwa wakulima wa Kenya. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa. Katika miaka ya 1930 wachache tu wa Kisii, Meru na Embu waliruhusiwa, na mlango haukufunguliwa kwa upana mpaka ulipotolewa mpango wa Bwana Swynnerton, mwaka 1954. Basi haki iliyongojwa hivyo haifai kuharibiwa kwa pupa.

Kazi huanza kitaluni. Mbegu hukaa udongoni majuma 6 hadi 8 kabla ya kuchipua, kisha miche hutunzwa chini ya kivuli mwaka mzima au zaidi. Wakati huo mkulima hakai bure. Huchimba mashimo ya futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, miezi kadha kabla ya mvua, akayajaza udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Kivuli nacho hupunguzwa kidogo kidogo, miche ipate kuzoea jua.

Jaribu kubwa huja mwaka wa pili. Mibuni imesitawi majani, lakini haina tunda. Karo ya watoto yadaiwa, na jirani anavuna mahindi. Hapo wengine hushawishika kuing'oa, au kupanda mahindi katikati yake. Kumbe mahindi huinyang'anya mibuni michanga maji, chakula na jua, na hasara yake huonekana baadaye. Mwenye busara hupanda maharagwe kati ya mistari, apate chakula na fedha kidogo, tena hutandaza majani makavu ili unyevu usipotee. Mavuno ya kwanza huja kama mwaka wa tatu, nayo ni machache.

Hata hapo subira haijaisha. Tangu ua kuchanua hata tunda kuiva ni kama miezi 8, na matunda hayaivi yote pamoja. Katika tawi moja utaona mabichi, ya manjano na mekundu. Mtu akivuta tawi zima ili ajaze kikapu upesi, hupeleka mabichi kiwandani. Yasipochambuliwa, huharibu ladha ya kahawa na bei ya chama kizima. Hivyo pupa ya mmoja huwa hasara ya wengi.

Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, na katika shamba la kahawa maneno hayo hutimizwa kwa vidole, tunda kwa tunda. Mzazi amfunzaye mtoto wake kuchuma jekundu na kuliacha bichi, amempa fundisho litakalomfaa hata kama hatashika jembe maisha yake yote.