Karatasi ya kipimo cha ini: soma mistari yote kabla ya kuhukumu

Mpwa wangu ni kijana wa Mombasa anayefanya kazi katika kiwanda cha chai huko Kericho. Siku moja alitutumia picha kwa simu: karatasi ya vipimo vya ini. Alikuwa na uchovu wa wiki tatu na hamu ya kula hana. Akaenda kliniki, akatolewa damu, akaambiwa, "Ini lako lina shida, rudi baada ya mwezi." Basi. Mistari miwili ya karatasi ile ilikuwa na alama ya nyota.

Picha ilipofika kwenye kundi la familia, hukumu ilitoka kabla ya magharibi. "Amekwenda bara ameanza ulevi." Wengine wakataja chang'aa kana kwamba walikuwapo. Mamake akalia. Kijana akaapa hajaonja hata tone, na hakuna aliyemwamini. Kumbe jawabu lilikuwa kwenye karatasi ile ile, ila hatukujua kuisoma.

Chai ya Kericho na Bomet huteremka kuuzwa mnadani hapa Mombasa, na wapo vijana wetu wanaoifuata huko juu kutafuta riziki. Lakini karatasi ya ini husomwa namna moja, uwe Bomet au Malindi. Ndugu msomaji, tuisome pamoja.

Maswali matatu

Kinachoitwa "kipimo cha ini" ni vipimo kadhaa vilivyowekwa pamoja, na vinajibu maswali matatu.

La kwanza: je, seli za ini zinaumia? Hapa tazama ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya ambavyo mahali pake ni ndani ya seli. Seli ikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 40, lakini kila maabara ina mipaka yake na huiandika pembeni mwa matokeo. ALT hutoka zaidi kwenye ini. AST imo pia katika misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Kwa hivyo mtu aliyeshinda kutwa akibeba mizigo mizito asiyoizoea anaweza kupanda AST na ini lake likawa salama.

La pili: je, nyongo inapita? Hapa kuna ALP na GGT. Zikipanda sana zote mbili ilhali ALT imepanda kidogo tu, daktari hufikiria njia ya nyongo iliyozibwa, kwa mawe au uvimbe. ALP ikipanda peke yake huenda imetoka kwenye mifupa ya mtoto anayekua, au kwa mama mjamzito. Kisha kuna bilirubini, ile rangi inayofanya macho kuwa manjano. Hutokana na chembe nyekundu zilizovunjika, na kazi ya ini ni kuiondoa. Ndiyo maana macho ya manjano hayamaanishi ugonjwa wa ini kila mara. Malaria, ambayo imewahi kuzuka kwa kishindo katika nyanda za juu za Kericho, huvunja chembe hizo. Selimundu nayo, ambayo familia nyingi za Kilifi zinaijua, hufanya vivyo hivyo. Bilirubini hupanda, lakini ALT huweza kubaki chini.

La tatu: je, ini bado linafanya kazi yake? Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. INR hupima muda wa damu kuganda, na protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini pia. Albumini ikishuka na INR ikipanda, huenda kiwanda chenyewe kimeanza kusimama. Wengi hawaangalii mistari hii.

Karatasi ya kijana wetu

ALT yake ilikuwa 286 na AST 148. ALP, GGT na bilirubini zilikuwa ndani ya mipaka. Albumini ilikuwa 41, ambayo ni nzuri. Yaani seli zinaumia, nyongo inapita, ini linafanya kazi.

Sasa tazama tena: ALT ni kubwa kuliko AST. Kwa ini lililoumizwa na pombe kawaida huwa kinyume. AST huipita ALT, mara nyingi maradufu au zaidi, na GGT hupanda nayo. Huo si ushahidi wa kukata kesi, lakini ulitosha kutufanya tuulize kabla ya kulaumu.

Namba hizi pia hazitaji jina la ugonjwa. Daktari wa pili alimuuliza kuhusu pombe, dawa za kifua kikuu na dawa za miti, kisha akaagiza vipimo vya virusi. Ikatoka homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huu huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001. Mpwa wangu alizaliwa kabla ya hapo.

Mkewe na watoto walipimwa, na mke akachanjwa. Yeye alipangiwa vipimo vya kurudiwa, kwa kuwa virusi vikikaa zaidi ya miezi sita ndipo huitwa sugu. Si kila mwenye virusi hivyo huhitaji vidonge, lakini dawa zipo kwa anayezihitaji. Na ile chupa ya miti shamba ambayo shangazi alikuwa ameshaituma kwa basi, daktari alisema isiguswe: ini lililoumia ndilo lingelazimika kuichuja.

Karatasi isiyo na nyota juu

Kuna hatari ya upande wa pili. Tuchukue mfano wa mzee aliyekunywa miaka mingi: ALT 34, na familia inashukuru. Lakini chini albumini ni 25, INR ni 1.8, na chembe ndogo za kugandisha damu zimepungua. Ini lake limejaa makovu, na seli za kuvuja zimebaki chache. Nyumba iliyokwisha kuungua haitoi moshi.

Mtu kama huyu mishipa ya umio wake huweza kuvimba na kupasuka, akatapika damu. Huko Bomet saratani ya umio nayo ni ya kawaida, na hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937, inajulikana kwa kupitisha kamera kooni na kutibu ugonjwa huo. Anayetapika damu au kushindwa kumeza asikisie, akachunguzwe.

Ukipewa karatasi

Usiondoke kabla ya kuuliza: kati ya maswali matatu, lipi lina tatizo? Sababu inatafutwa vipi? Nirudie kupima lini? Taja kila dawa unayotumia, hata ya miti. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu usiziache mwenyewe, ila ukianza kutapika au macho kugeuka manjano, rudi siku hiyo hiyo. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa wa ini kuanza kuchanganyikiwa ni mambo ya kukimbilia hospitali.

Mamake alimpigia simu akamwomba radhi. Sisi wengine kwenye kundi tulichukua siku mbili zaidi.