Uchungu wa Mubilizi na Mizani ya Tumbo

Msafiri aishikaye njia ya Omurushaka kwenda Nkwenda, akiiacha Karagwe nyuma yake na kuingia Kyerwa, wilaya iliyomegwa ubavuni mwa Karagwe mwaka 2012, hakosi kupita karibu na kichaka kimoja kilichojisimamia kimya pembezoni mwa migomba, chenye majani ya kijani yasiyo na uzuri wa kujivunia, wala msafiri huyo hakijali mpaka siku atakayoumwa tumbo. Wenyeji hukiita mubilizi; Waganda, ng'ambo ya mpaka, hukiita mululuza; na wataalamu wa mimea wamekiandika Vernonia amygdalina.

Mimi nilikijali usiku mmoja baada ya kula ndizi na maharage kupita kadiri ya adabu, tumbo likawambwa kama ngoma, nikawa siwezi kuketi wala kulala. Bibi mwenye nyumba niliyopanga, aliposikia jinsi ninavyougulia ukumbini, alitoka na taa, akarudi na majani machanga machache, akayafikicha kwa viganja ndani ya maji hata likatoka povu la kijani, akachuja kwa kitambaa na kuongeza maji ya moto. “Usinuse, mwanangu,” alisema, “kunywa.” Uchungu ule haukuja upesi, ulinisubiri nimeze, kisha ukapanda kutoka kooni hata nyuma ya masikio, mate yakajaa kinywani kama ya mtu aliyeuma ndimu. Baada ya kitambo nilicheua mara mbili, nikapata usingizi.

Je, ni mubilizi ulionifaa? Swali hili aghalabu hatuliulizi, kwa kuwa mgonjwa aliyepona hana haja ya hoja. Maharage yana sukari za namna ya rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba salama salimini, na zikifika katika utumbo mpana bakteria huzipokea kwa karamu, na moshi wa karamu hiyo ndiyo gesi inayotuadhiri. Chai haiziondoi sukari hizo. Lililo yakini ni kwamba uchungu ulimini ni tarishi: huamsha mate na huliarifu tumbo litayarishe maji yake ya kusagia chakula, na joto la maji, pamoja na saa zilizokwisha kupita, navyo vina fungu lake katika shukrani ile.

Hata hivyo sithubutu kuudharau mmea huu, kwani shahidi wake mashuhuri kuliko wote si mtu. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale mkoani Kigoma, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa dhaifu na mwenye kulala mchana wenzake walipokuwa wakila. Chausiku aliuendea mti huu, akavunja kijiti kichanga, akatupa majani na gamba, akatafuna moyo wake, akanyonya maji na kutema nyuzi. Kalunde ndiye aliyemweleza mgeni wake kwamba hiyo ni dawa ya tumbo kwa Watongwe pia, tena dawa kali. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu na hamu ya kula. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba majani na gamba, yaani sehemu alizozitupa, zina kwa wingi vernodalini, ambayo ni sumu ikizidi. Na ndiyo maana hunishangaza kuona watu wakichemsha sufuria nzima ya majani hayo na kunywa asubuhi na jioni mwezi mzima, ilhali sokwe alitosheka na maji ya kijiti, akaacha.

Katika chai za tumbo, mchaichai na tangawizi ni wapole zaidi, na tangawizi ina sifa ya kweli katika kutuliza kichefuchefu, ingawa mwenye kiungulia inaweza kumwongezea moto. Mwenye kisukari anayetumia dawa ajihadhari na mubilizi, kwa sababu nao huweza kushusha sukari ya damu. Na mama mjamzito auache kabisa. Ama vidonda vya tumbo, vingi husababishwa na bakteria waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, wakatunukiwa Nobel mwaka 2005, na tiba ya vidonda hivyo ni viuavijasumu vya hospitali. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kukonda bila sababu, hayo si mambo ya kungojea birika lichemke.

Siku ya tatu nilitaka kuipima kwa haki dhana yangu kwamba kosa lilikuwa la sukari za maharage. Niliyaloweka maharage yale yale usiku kucha, nikamwaga maji, nikayapika kwa maji mapya na ndizi zile zile, nikala kiasi kile kile, wala sikunywa chai ya namna yoyote. Tumbo lilinguruma kidogo, likanyamaza. Nilipomhadithia bibi kwa fahari ya mtu aliyegundua jambo, alinitazama kwa muda, akaniuliza yale maji nimeyamwaga wapi. Nilimwambia uani. “Ungeyapa mgomba,” alisema, akaendelea kuchambua maharage yake.