Mashujaa wa mzaha wana funzo

MZAZI, ukimsikia kijana wako akiangua kicheko peke yake chumbani, kitabu cha katuni mkononi, usikimbilie kumnyang'anya. Huenda anasoma visa vya Justice League, kikosi cha mashujaa kilichoanza upya mwaka wa 1987 katika vitabu vya kampuni ya DC ya Marekani.

Waandishi Keith Giffen na J. M. DeMatteis, pamoja na mchoraji Kevin Maguire, waliwakusanya mashujaa wenye nguvu za ajabu, kisha wakawaacha wazozane kama ndugu wanaolala chumba kimoja. Guy Gardner, mwenye pete ya nguvu na mdomo usio na breki, anamchokoza Batman. Katika toleo la tano anaangushwa kwa ngumi moja tu! Blue Beetle na Booster Gold nao ni chanda na pete, kila mara wakiwazia pesa za haraka. Wakati mmoja wanafungua kasino kisiwani, kumbe kisiwa chenyewe kina uhai, na kinaondoka kwenda zake.

Je, mzaha huu unawavunjia mashujaa heshima? La, hasha! Msomaji anawapenda zaidi kwa sababu anawaona wakikosea, wakinuna na kupatana.

Hata hivyo, mzaha una hatari yake. Mwaka wa 2005, katika kitabu Countdown to Infinite Crisis, Blue Beetle anagundua njama kubwa. Anawaendea wenzake mmoja baada ya mwingine kuwaonya, lakini wengi hawampi uzito. Kwao yeye ni mtu wa vichekesho tu. Mwishowe anapigwa risasi na Maxwell Lord, yule yule aliyekuwa msimamizi wa kikosi chao zamani. Kama ulicheka naye tangu mwanzo, ukurasa huo utakuchoma moyo.

Msomaji mpenzi, karibu kila nyumba ina Blue Beetle wake: mtoto anayeigiza sauti ya baba na kuchekesha wageni. Nawe mwanafunzi, bila shaka unaye mmoja bwenini. Chekeni naye, si dhambi. Lakini siku atakapokuja na uso mkavu na kusema, "Mama, kuna jambo," usimwambie aache utani wake. Weka gazeti hili chini, umsikilize.