Ufupishaji wa Majina ya Faili na Mofolojia ya Kiswahili

Makala haya yanaeleza jinsi mifumo endeshi ya zamani ilivyoathiri majina ya faili za Kiswahili. MS-DOS (1981) iliruhusu herufi 8 za jina na 3 za aina ya faili. Mkuyuni, kata ya Mwanza, ilitosha. Nyamagana, wilaya yake, haikutosha. Windows 95 (1995) iliruhusu hadi herufi 255, lakini iliyapa majina marefu pia ufupisho: herufi 6 za mwanzo, alama ya wimbi na tarakimu. Hivyo, katika folda moja, “hawatasoma” na “hawatapika” yalifupishwa kuwa HAWATA~1 na HAWATA~2. Viambishi awali vilibaki, mizizi ilipotea. Faili zilizonakiliwa kwa MS-DOS zilibaki na ufupisho huo tu. Kwa hiyo, mtafiti wa data hizo asitegemee jina, bali asome yaliyomo.